Fezi Tatu Chumba cha Uani

Mume wangu alikuwa nesi wa wodi ya mifupa. Alishastaafu, lakini mtaa mzima bado unamwita Nesi, hata watoto wadogo ambao hawajui kwamba hilo si jina lake. Mtu akipiga hodi hapa kwetu, basi ni mmoja kati ya wawili. Mwenye nguo ya kushonwa anaingia chumba cha mbele, kwangu, kwenye cherehani. Mwenye bega lililoteguka anapitishwa ukumbini mpaka chumba cha uani, kwa Nesi, ambako atakandwa huku akitazamana na mashine ya kuchonga chuma. Hiyo mashine mimi naiita mke mwenzangu. Alikuja nyuma yangu, lakini anapata muda mwingi kuliko mimi.

Usije ukadhani ni karakana kubwa. Ni chumba chenye dirisha moja, tulikuwa tunawekea magodoro ya zamani. Mashine imesimama katikati, inanifika begani, rangi yake ya kijani imebanduka ikaacha mabaka. Ina meza ya chuma inayosogezwa kwa magurudumu ya mkono, na juu ya meza kuna kichwa chenye kisu kinachozunguka, kinakula chuma kidogo kidogo mpaka kipande kipate umbo. Aliinunua kwenye chuo cha ufundi kilichokuwa kinafunga milango, ikaletwa kwa mkokoteni, mimi nimesimama mlangoni nimeshika kiuno. Nikamuuliza, "Baba watoto, hii itatupa nini?" Akanijibu uso mkavu, "Itanipa raha, mama." Ningefanya nini? Niliwapisha wapite.

Anachotengeneza ni vijinjini. Ndiyo, injini ndogo za kukaa kiganjani, zinazozunguka kwa upepo wa pampu ya baiskeli. Hazivuti maji, hazisagi kitu, haziendi popote. Ukimuuliza za nini, anakupulizia moja na kukuambia, "Hebu isikilize." Na kweli, zinalia vizuri. Hilo sikumwambia miaka mingi, nisije nikamvimbisha kichwa.

Sasa sikiliza shida ilikoanzia. Mota ya mashine ile ilikuwa inajua mwendo mmoja tu. Ukiiwasha inazunguka vilevile, umefurahi au umenuna. Lakini chuma si kimoja. Alumini inataka kisu kiende mbio, chuma kigumu kinataka polepole, la sivyo kisu kinaungua ncha au kinavunjika. Kwa hiyo juu ya mashine, chini ya kifuniko, kuna puli mbili zilizopangwa kama ngazi, na mkanda wa mpira umepita kati yake. Ukitaka kubadili mwendo unazima, unailegeza mota, unaingiza vidole, unauvusha mkanda kutoka kidato hiki kwenda kile, kisha unakaza tena. Mkanda mgumu, nafasi finyu, puli zina kingo kali. Ni kazi ya vidole vizima.

Na vidole vya Nesi si vizima tena. Vilivimba viungo, vikaanza kupinda kuelekea upande. Yeye ugonjwa huo anaujua jina na ukoo, aliwaeleza wagonjwa maisha yake yote. Ulipomfika mwenyewe, aliitazama mikono yake mezani akasema, "Haya, karibu," kana kwamba ni mgeni aliyetuma salamu kwamba yuko njiani.

Akaanza kuniita. "Mama! Njoo univushie mkanda." Mimi huyo, naacha upindo wa watu katikati, nakwenda, natia vidole, nasukuma, mkanda unaruka, narudi. Nalalamika kwenda na kurudi, na wateja wangu wanakufa kwa kicheko.

"Mke mwenzio kakuita tena?"

"Kaniita, shoga yangu. Hana haya."

Lakini nikuambie kweli, nilikuwa napenda. Mtu umekaa naye nyumba moja tangu ujana, na bado kuna kitu hawezi kukifanya bila wewe. Hilo ni tamu, usinifiche.

Kisha akaacha kuniita. Ghafla tu, bila neno. Nikawa nasikia mashine inapiga kelele kule uani, nikajua anakata chuma kigumu kwa mwendo wa alumini kwa sababu mkanda hakuweza kuuvusha. Visu vikaanza kuvunjika. Nikaenda nikasimama mlangoni.

"Kwa nini huniiti?"

"Una wateja."

"Wateja ninao siku zote."

Akachukua ufagio akaanza kufagia maranda ya chuma, na sakafu ilikuwa safi. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nilijua ni kiburi, kile cha wanaume, cha kutotaka kuonekana wameshindwa mbele ya mke. Nikaapa sitauliza tena. Tukala chakula cha usiku kila mtu na sahani yake.

Jumapili iliyofuata akaja binti yetu mkubwa. Huyu anafanya kazi duka la dawa, ana sauti ya upole na maneno ya moja kwa moja, mchanganyiko mbaya. Aliingia uani kumsalimia baba yake akakuta kipande cha kisu kimechomeka kwenye mbao za mlango, usawa wa jicho. Alikitoa kwa koleo, akakiweka mbele ya baba yake mezani.

"Baba, hiki kingekuingia wapi?"

Nesi akakitazama kama mtu anayesoma picha ya eksirei.

"Nina mtu, fundi wa mageti, anaitaka mashine. Ni mtu mzuri, ataitunza. Mimi sitaki kukunyima kitu, Baba. Mwisho wa mwezi nitakuja. Nikikuta unaiendesha mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, bila kulazimisha, bila kuvunja kitu, nitanyamaza. Nikikuta bado hivi, iende."

Nesi akasema, "Sawa."

Neno hilo moja lilinichoma kuliko hotuba. Nimemsikia akibishana na madaktari, na wenye nyumba, hata na mimi, na mimi si mtu wa kubishana naye kirahisi. Sikuwahi kumsikia akisema sawa kwa sauti ile, ya mtu anayesaini karatasi bila kuisoma. Nilimwangalia nikaona kwamba mashine ikitoka kwenye chumba kile, naye atabaki amekaa tu humo akingoja watu wateguke.

Kesho yake alikuja akakaa chumba cha mbele, kwenye benchi la wateja, mikono kwenye magoti. Nesi! Kukaa bure! Mimi nilikuwa nashona mabegi ya turubai. Nilipofika penye mshono mnene nikapunguza mwendo kwa kukizungusha kitufe cha mota mpya ya umeme niliyoifunga kwenye cherehani, nikapita taratibu, nikaongeza tena. Nafanya hivyo kila siku bila kufikiri. Safari hii mkono ukasita kwenye kitufe.

"Hivi," nikamuuliza, "mimi nataka polepole, nazungusha hiki. Wewe unataka polepole, mpaka mkanda. Kwa nini?"

Akafungua mdomo anijibu kwa ile sauti yake ya kufundisha wanafunzi wa unesi. Akaufunga. Akavaa miwani, akapiga magoti, akaingia chini ya meza yangu. Mteja wangu wa asubuhi alipofika alikuta miguu ya Nesi imechomoza chini ya cherehani, akashika kifua. "Mungu wangu, kaanguka?" Nikamwambia, hapana, kaamka.

Mchana huohuo akaitwa Shoti. Shoti ni fundi umeme, anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Jina hilo alipewa na wenzake alipokuwa anajifunza kazi, unaweza kukisia kwa nini, na tangu hapo amekuwa mwangalifu kiasi kwamba hata balbu anaishika kama yai. Aliizunguka mashine, mikono nyuma, akifanya "mh" na "mh-mh."

"Mota hii ya zamani haipunguziki, Mzee," akasema. "Ukiinyima umeme haiendi polepole, inaungua. Ya Mama kule mbele ni aina nyingine kabisa. Ila tukiitoa hii tukaweka mota ya fezi tatu, hiyo tunaweza kuiamrisha."

"Fezi tatu ni ya viwandani," Nesi akasema. "Hapa nyumbani imeingia moja."

"Kuna boksi. Unaliingizia fezi moja, linakupa tatu, na mwendo unaotaka. Sisi tunaliita inveta."

"Ya sola?" nikauliza toka mlangoni.

"Ndugu yake, Mama. Kazi tofauti."

Mimi sipendi kusimama mahali nikiwa sielewi. Nikamwambia Nesi anieleze fezi tatu ni nini, na asinipe majina, anipe kitu cha kushika. Akafikiri. Akaniambia nifikirie gurudumu zito. Umeme wetu wa nyumbani ni mtu mmoja analisukuma: anasukuma, anavuta pumzi, anasukuma. Fezi tatu ni watu watatu wamelizunguka, huyu akiacha mwenzake kashika, gurudumu halipati nafasi ya kusita. Na boksi ndilo linalowapigia makofi. Likipiga haraka wanakwenda haraka, likipiga taratibu wanakwenda taratibu.

"Haya," nikasema. "Na hao watu watatu linawatoa wapi, wakati sisi tunaye mmoja?"

Nesi akamwangalia Shoti. Shoti akaangalia dari. Nikajua nimewashika. Ikabidi Shoti akae chini kabisa ndipo anieleze: boksi linapokea umeme wetu ule wa kwenda na kurudi, linautuliza wote, unakaa kama maji kwenye tangi, halafu linaufungulia upya kwa bomba tatu, kwa zamu. Hao watu watatu si wageni, ni mtu wetu yuleyule amegawanywa. Hapo nikaridhika, nikarudi kwenye mabegi yangu. Lakini siku nzima mguu ulikuwa kwenye pedali na akili iko kwa wale watu watatu. Nikawa najiuliza, hivi wakipigiwa makofi kinyumenyume? Nikainuka nikaenda kuuliza. Shoti akasema wanazunguka kinyume, na kwa kitufe tu, huna haja ya kugusa waya. Jamani.

Boksi lilipatikana dukani. Mota waliitafuta kwa wauza skrepa, ikapatikana moja iliyokuwa inazungusha feni la kiwanda. Kwenda kuinunua nilifuatana nao, na aibu niliyoipata huko sitaisahau. Nesi alitoa mfukoni kile kipimo cha kusikilizia moyo, akakiweka kwenye ubavu wa mota, akamwambia Shoti aizungushe ekseli kwa mkono. Watu wakajaa. Mmoja akauliza kama mota ina mimba. Nesi wala hakusikia, masikio yake yalikuwa kwenye beringi, zile gololi zinazobeba ekseli. "Kifua kiko safi," akasema, akavua kipimo. Tukaondoka nayo.

Kuifunga kulichukua siku kadhaa, kwa sababu Shoti hafanyi kitu kabla hajakipima, na akishakipima anakipima tena. Mota ya zamani ikatoka na kapasita yake, kile kikopo cha kuipa msukumo wa kuanza. Nesi aliomba vile vitufe vya zamani vya mashine, cha kijani na chekundu, visitupwe, maana amevizoea. Shoti akakubali, ila akaviunga upya kabisa. Alieleza kwamba usiweke swichi ya kukata umeme katikati ya boksi na mota. Ukikata hapo wakati inazunguka, boksi linaweza kufa papo hapo. Kwa hiyo sasa vile vitufe havikati umeme wa mota, vinalitumia boksi ujumbe tu, nalo ndilo linaloisimamisha. Mkanda waliuweka kidato cha chini, wakafunga kifuniko, na kitufe cha duara cha kuongeza na kupunguza mwendo wakakifunga mbele, mahali ambapo kiganja kinafika chenyewe.

Siku ya kuwasha nilifunga chumba changu cha mbele nikaenda kusimama. Nesi akabonyeza cha kijani. Mimi nimekaza meno kungoja ule mshindo wa zamani, ambao ulikuwa unafifisha taa na kumwamsha paka wa jirani. Wapi! Kisu kikaanza kuzunguka kama kinaamka usingizini, taratibu, kisha upesi, na chumba kizima kimya, kuna mlio mwembamba tu kama wa mbu. Kwenye boksi tarakimu nyekundu zinapanda. Nesi akaweka ukingo wa kiganja kwenye kitufe, akakisukuma kidogo. Mwendo ukapungua. Akasukuma upande wa pili, ukaongezeka. Akacheka peke yake. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Jumapili ile.

Halafu akapeleka chuma kwenye kisu, na kisu kikasimama. Kimegusa tu, kikasimama, mota inanguruma haina nguvu. Akajaribu tena, vilevile. Hata ukiweka kipande cha mbao, kisu kinasita. Kicheko kikakatika. Shoti akapima waya zote, zikawa sawa. Akapima tena, zikawa sawa tena. Mimi nikasema kimoyomoyo, basi, maji yamezidi unga, tumeshatoa mota nzima na nyuma haturudi.

Nesi akavuta ndoo akaikalia, akaitazama mota kwa muda. Kisha akauliza lile swali alilokuwa anawauliza wagonjwa wapya kabla hajawagusa.

"Huyu kabla ya kuja hapa alikuwa anaishi wapi?"

"Kiwandani," Shoti akasema.

"Alikuwa anakula nini?"

Shoti akapiga paji la uso kwa kiganja. Kiwandani umeme ni mkubwa, kwa hiyo ndani ya mota nyaya zilikuwa zimeunganishwa kwa mtindo wa nyota, ili zigawane ule mzigo. Imekuja kwetu, umeme mdogo, bado imepangwa kugawana, basi inakufa njaa. Akazima, akangoja boksi limalize umeme uliobaki tumboni mwake, akafungua kifuniko kidogo cha mota. Mle ndani kulikuwa na vibati vya shaba. Akavifungua, akavipanga upya kwa mtindo wa pembetatu, delta anauita, ili kila waya upate umeme wote, akafunga. Safari hii kisu kilipogusa chuma kilikula. Maranda yakaruka yamejikunja, yanang'aa. Mimi nilipiga kigelegele, nisiseme uongo.

Haikuishia hapo, maana mashine ikishajua kwenda polepole, Nesi naye alitaka polepole kila siku. Nikiwa chumba cha mbele nikasikia harufu kama pasi iliyosahauliwa. Nikakimbia. Alikuwa ameshazima, ameweka mgongo wa mkono kwenye mota. "Ana homa," akasema. Wakakaa tena yeye na Shoti, na mimi nimo, tukigombea sababu. Ilikuwa hivi: feni ya kuipooza mota imefungwa kwenye mkia wa mota yenyewe. Mota ikienda polepole, na feni inakwenda polepole, wakati kazi ni ileile. Wakaifungia kifeni cha pembeni kilichotoka kwenye kompyuta mbovu, chenye umeme wake, kinazunguka muda wote bila kujali mota inafanya nini. Homa ikashuka.

Kosa la mwisho lilikuwa la unesi mtupu. Boksi linauliza: ukisema simama, nitumie muda gani mpaka kusimama? Nesi, mtu aliyezoea kuwalaza watu wenye nyonga zilizovunjika, aliliambia lisimame kwa upole sana. Sasa mashine haina kelele tena. Naingia na chai, namkuta kabonyeza chekundu, anapeleka mkono kupangusa maranda, na kisu bado kinazunguka kimyakimya, hukioni isipokuwa ukitazama ncha. Nilipiga ukelele uliomtoa Shoti kwao. Mkono ukarudi salama. Chai ikamwagika yote. Nilimsema mume wangu siku ile maneno ambayo sitayarudia, na yeye alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, "Kweli, mama. Kweli, mama." Akapunguza ule muda mpaka kisu kikawa kinasimama mara moja, na yeye akajizoeza kukitazama ncha kabla ya kunyoosha mkono.

Mwisho wa mwezi ukafika, na binti akafika nao. Hakukaa hata kunywa maji. Alisimama uani mikono imefumbatwa, baba yake akaanza. Akafunga kipande kwenye jiliwa, kile kibanio cha juu ya meza, akabonyeza cha kijani, akasukuma kitufe kwa ukingo wa kiganja, akakata alumini mbio, laini kama siagi. Akapunguza, akabadili kipande, akakata chuma kigumu taratibu. Hakuna kilichovunjika. Hakuna mkanda uliovushwa. Binti alikuwa ameiachia mikono na amesogea karibu, anatazama tarakimu za boksi zikishuka na kupanda.

"Na hii tisini maana yake nini?" akauliza, na mimi nikajua ameshanaswa. Kisha akajikumbusha yeye ni nani. "Lakini Baba, kisu kikiisha makali? Unakibadilishaje?"

Kisu kinakazwa kwa nati iliyo juu kabisa ya kichwa, kwa spana. Hilo boksi haliwezi. Nesi akatoa spana aliyoiunganishia bomba refu, akaiingiza kwenye nati, akaweka kitako cha kiganja kwenye ncha ya bomba, akasukuma kwa bega zima. Haikwenda. Akajipanga upya. Jasho likamtoka. Binti akageuza uso, hakuweza kutazama. Na mimi, unajua mazoea, mkono wangu ukanyooka wenyewe kuishika spana.

"Usiguse!"

Alinikemea. Mbele ya mwanangu. Nilisimama pale mkono uko hewani, macho yananichoma, nikasema moyoni, basi, ni kiburi tu hiki, mpaka kaburini.

Akasukuma mara nyingine, nati ikaachia. Akapumua. Akaweka spana chini, akamgeukia binti, siyo mimi.

"Umeniambia niiendeshe mwenyewe, nimeiendesha. Lakini usidhani nilihangaika hivi kwa ajili ya vidole vyangu. Vyangu vimeshakwenda. Nilihangaika kwa ajili ya vya mama yako."

"Vya nani?" nikasema.

"Alikuwa akinivushia mkanda, akishanipa mgongo anabana kidole gumba kwapani. Kila mara. Namwona kwenye kioo cha dirisha. Watu wa namna hiyo nimewaona wodini maisha yangu yote, mbele yako hawaumwi kitu, wakifika mlangoni wanabana kwapani. Ningeendelea kumwita angekuja. Angekuja mpaka vipinde kama hivi. Na yeye ndiye anayeshona."

Binti akaniangalia. "Mama?"

"Mama nini? Baba yako anazeeka, anaona vitu kwenye vioo."

Lakini sauti ilinitoka nyembamba. Ilikuwa kweli. Sikumwambia mtu, na mimi mwenyewe nilikuwa sijajiambia sawasawa. Fundi cherehani hasemi vidole vinamuuma, wateja wana masikio. Nilikuwa naona aibu, nina hasira, na zaidi ya yote nilikuwa nakumbuka mwezi mzima ule nilivyomhesabia kiburi mtu aliyekuwa ananichunga.

Binti akatoa simu, akatoka nje kwenye kamba za nguo. Nilimsikia akisema, "Haiuzwi, kaka. Hapana, siyo bei. Samahani kwa usumbufu."

Nesi akajifuta mikono mafuta, akauchukua mkono wangu wa kulia, akausogeza kwenye mwanga. Nikauvuta. Akaushika. Akaanza kubonyeza kiungo kimoja kimoja, kuanzia kidole kidogo.

"Hapa?"

"Hapaumi."

"Hapa?"

"Nimekuambia hapaumi."

Akafika kwenye kidole gumba, kule chini kinakoungana na mkono. Akabonyeza taratibu kwa vidole vyake vile vilivyopinda, akangoja, hana haraka.

"Hapo," nikasema, na machozi yakanitoka.